Begi la Ngumi la Baba Joha

Mume wangu Abbasi aliandikiwa kupiga ngumi akiwa na miaka hamsini na saba, yeye ambaye tangu nimjue hajampiga hata mbuzi aliyemlia mchicha wake. Najua hapa Ipagala mengi yamesemwa juu ya nyumba yetu, na mimi si mtu wa kukaa kimya nikisemwa, kwa hiyo naeleza mwenyewe. Mimi ni Mwanaidi, mama Joha, yule anayeuza zabibu pale njia panda. Mdomo wangu mnaujua.

Abbasi ni Mrangi wa Kondoa kama mimi, na alikuwa karani wa masijala. Mwandiko ndio uliompa kazi. Enzi zile majalada yanaandikwa kwa mkono, wakubwa walikuwa wanamletea mpaka kadi za harusi za watoto wao awaandikie majina, naye anaandika, herufi zimenyooka, hachukui kitu. Basi siku moja kanipa karatasi ya vitu vya sokoni, naangalia naona maandishi yanaanza makubwa yanaishia madogo, mpaka neno la mwisho nikashindwa kulisoma. Nikamwambia, "Baba Joha, wino umepanda bei?" Akacheka, nami nikacheka. Nikikumbuka kicheko kile leo najisikia vibaya, maana ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani na sisi tunautania.

Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Akiwa na kazi hautetemeki. Akikaa tu, ameuweka pajani, vidole vinaanza kucheza kama mtu anayevuta tasbihi. Sauti nayo ikapungua. Mtu aliyekuwa akiniita kutoka uani nikamsikia niko barabarani, ikawa lazima nimsogezee sikio ndipo nijue anataka chai au maji. Mwisho akaomba kustaafu mapema, akarudi nyumbani na kikombe chake cha ofisini na saa ya ukutani aliyopewa zawadi.

Na watu nao. Tuko Dodoma, mke anauza zabibu, mume mkono unatetemeka. Wakajumlisha wenyewe: Abbasi anakunywa mvinyo. Maneno yakatembea mpaka Kondoa. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, akapiga simu akauliza habari za swala, akauliza habari za marafiki, akazunguka weee, mpaka Abbasi akaelewa anaulizwa nini. Tangu siku hiyo akawa anaukalia mkono. Sisemi kwa mfano. Akiwa mbele za watu anauingiza chini ya paja anaukalia, msibani, kwenye kahawa, popote. Iliniuma sana kumwona mtu mzima amekalia mkono wake mwenyewe.

Hospitali wakasema ni Pakinsoni. Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, hautokani na pombe wala kurogwa, hauponi ila unatulizwa. Wakampa vidonge, na wakatuunganisha na Brightness, binti wa mazoezi ya viungo, awe anakuja nyumbani kila Alhamisi. Ni msichana mwembamba, mpole kwa kumtazama, lakini akikuambia nyanyua mguu utanyanyua. Siku ya pili tu akaja na swali lake.

"Shikamoo baba. Hivi umewahi kupiga ngumi?"

Abbasi akanitazama mimi. Nikamjibu kwa niaba yake, "Mwanangu, huyu hata kuku akichinja mimi ndiye ninayemshika."

Brightness akaeleza kwamba hatanii. Mkono wake unatetemeka ukikosa kazi, ukipewa kazi unatulia. Mtu akipiga begi, miguu, macho na mikono vinalazimika kuelewana, na akihesabu ngumi zake kwa sauti ya juu, sauti nayo inarudi kidogo. Wagonjwa wake wengine wanapiga na wanaendelea vizuri. Abbasi akasema atafikiria, na mimi nikajua maana yake hataki.

Aliyembadilisha ni Joha. Huyu ndiye mtoto wetu wa pekee, mwalimu, anafundisha Chamwino. Alikuwa ameposwa na mwalimu mwenzake anayeitwa Abdulrahim, na ndoa tukaipanga Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa, hapa hapa nyumbani. Siku hizi baba wengi wanamwachia sheikh aozeshe, wao wanakaa pembeni na miwani yao. Joha akamwambia baba yake, mimi nipo nasikia, "Baba, sitaki sheikh aniozeshe kwa niaba yako, wala sitaki baba mkubwa. Nataka wewe mwenyewe umshike mkono Abdulrahim."

Sasa mkono unaoshikwa pale ni wa kulia. Baba na bwana harusi wanakaa wanatazamana, wanashikana mikono, baba anatamka maneno ya kuozesha kila mtu asikie, na wazee wote wa Kondoa wamekaa kwenye kapeti macho kwenye mikono hiyo miwili. Abbasi aliugeuza mkono wake wa kulia akautazama. Halafu akaniambia, "Mama Joha, mpigie yule binti. Muulize begi lenyewe linauzwa wapi."

Brightness alituandikia mambo ya kuangalia. Mimi kwa akili yangu begi la ngumi ni lile linalofungwa mnyororo juu, basi nikaenda kwanza kwa mwenye nyumba wetu, mzee Gerson, kuomba tutoboe dari. Mzee Gerson akaja sebuleni kwetu, akaiangalia dari yake ya jipsamu, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Joha, hata saa ya ukutani hiyo mmening'iniza nikiwa safarini." Tukajua ni begi la kusimama lenyewe.

Tukaenda mjini kwenye duka la vifaa vya michezo. Muuzaji, kijana anaitwa Nikodemo, kifua mbele, alipomwona Abbasi akadhani tunamnunulia mtoto. Nilipomwambia mpigaji ndiye huyu, akatukimbilizia moja jembamba, mpira wa duara juu ya chuma chenye springi. Abbasi akaligusa taratibu, lile dude likaenda likarudi, likampiga kidevuni. Nilitaka kucheka lakini nilimwona uso wake nikabana. Nikamwambia Nikodemo, "Baba yako huyu hakuja hapa kupigwa."

La pili lilikuwa nene, refu kufika machoni pake, ngozi laini kwa nje, na chini lina kitako kipana cha plastiki kilicho wazi ndani. Kile kitako ndicho unachokijaza maji au mchanga ili lisimame. Karatasi ya Brightness ilisema: kitako kipana, lisirudi kwa nguvu, aweze kulikumbatia. Abbasi akalisukuma. Akalizunguka. Halafu, mbele za wateja, akalikumbatia, akaegemeza shavu, akafumba macho kidogo. Akasema, "Hili."

"Mchanga ni mzito zaidi," Nikodemo akatuambia, "ila maji ni rahisi, siku mkihama mnamwaga. Mjaze mpaka juu kabisa, msibakize. Likiwa nusu ni hatari kuliko likiwa tupu, maana linakudanganya." Sitasema kwamba sikumsikia. Nilimsikia vizuri sana.

Tulilisimamisha sebuleni karibu na mlango wa mbele, chini tumetandika kipande cha kapeti la zamani lisiteleze kwenye vigae. Likaingia ndoo tano za maji. Nilizibeba mimi, na kila ndoo niliyomimina roho iliniuma. Wageni wa mji huu hawajui, lakini sisi tuliokaa Dodoma miaka thelathini tunalala na maji kichwani. Maji yakitoka unajaza ndoo, madumu, masufuria, mabeseni, hata chupa za soda. Kufungia ndoo tano ndani ya plastiki ili zipigwe ngumi, hilo halijawahi kuniingia akilini. Abbasi aliniona ninavyokiangalia kile kitako. Akasema, "Mama Joha, haya maji usiyaguse." Nikamwambia nani kayagusa.

Akaanza. Kila asubuhi baada ya chai, vidonge vimeshaingia mwilini, Abbasi anavaa glovu, mimi namfunga kamba zake. Kiti kinawekwa nyuma yake kwa tahadhari. Miguu anaipanua, mmoja mbele, anapiga kushoto, kulia, kushoto, kulia, anahesabu. Wiki ya kwanza ngumi zake zilikuwa za kubisha hodi. Wiki ya tatu begi likaanza kulia. Akichoka analikumbatia, anapumua, halafu anaanza tena. Kile kitu kikawa kama nguzo yake, na hakikumwangusha hata siku moja.

Halafu akabuni mambo yake. Badala ya kuhesabu, akaanza kutamka maneno ya ndoa, neno moja ngumi moja. "Nimekuozesha!" Ngumi. "Binti yangu!" Ngumi. "Joha!" Ngumi mbili. "Kwa mahari mliyokubaliana!" Hapo ni ngumi nyingi, mpaka pumzi inakata. Asubuhi moja akagonga mjumbe wa mtaa, mama mmoja anaitwa Mwajabu, kaja mbio na majirani wawili nyuma. Wamesikia vishindo, wamesikia mwanaume anapaza sauti, wakajua napigwa. Nikawafungulia mlango na sahani ya chapati mkononi. Mwajabu alipomwona Abbasi na glovu zake nyekundu, jasho linamtoka, alikaa kwenye kochi akacheka mpaka akaomba maji. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu sauti ya mume wangu ilikuwa imesikika nyumba ya tatu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi wa nane mwishoni zabibu za Makutupora zinaiva, na mimi nachukua kreti kwa wakulima, naziosha, nazipanga kwenye vifungashio, nawauzia watu wa maofisini. Zabibu zinakuja na vumbi na dawa, huwezi kumpa mtu hivyo hivyo. Siku kumi na tano kabla ya ndoa, maji yakakatika mtaani. Siku moja, mbili. Siku ya tatu, Jumatatu, ndoo zangu zimekwisha, kreti nne ziko uani zinasubiri, na boza la maji limeahidi kuja halijaja. Zabibu hazimsubiri mtu. Abbasi alikuwa ameenda swala ya adhuhuri. Nikakiangalia kile kitako.

Nilichukua mpira wa kumwagilia, nikauingiza kwenye tundu, nikautoa nje mpaka chini ya ngazi, nikavuta kwa mdomo. Maji yakaja yana ladha ya plastiki. Nikachukua ndoo mbili tu, nikasema nitazirudisha maji yakitoka. Nikafunga kizibo, nikaficha mpira.

Jumanne asubuhi Abbasi akapiga kama kawaida, na begi likatikisika. Halijawahi kutikisika. Akasimama akaliangalia, akapiga tena, likayumba tena. Akanigeukia na uso ambao sijauona tangu aache kazi. "Umeona? Leo nimelitikisa." Akavua glovu papo hapo, akampigia simu Joha, akamwambia, "Mwanangu, baba yako amepata nguvu." Nilisimama pale na taulo lake mkononi. Ningesema wakati ule yangeisha. Lakini nilimwona alivyofurahi, nikashindwa, na sitajitetea zaidi ya hapo.

Mchana ule maji hayakutoka. Nikachukua ndoo tatu zilizobaki.

Jumatano asubuhi nilikuwa uani naosha zabibu kwa maji yale yale. Kamba za glovu nilikuwa nimeshamfunga, nikamwacha. Nikamsikia, "Nimekuozesha!" Halafu, "Binti yangu!" Halafu kishindo kimoja kikubwa. Nilikimbia mikono inachuruzika. Abbasi yuko chini, begi liko chini, yeye juu yake amelikumbatia. Alikuwa amepiga, likayumba vibaya, akalishika ajishikilie, wakaenda wote. Nikamwinua nikamkalisha kwenye kochi. Bega limechubuka, goti limevimba, mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu. Halafu nikaliinua begi kwa mkono mmoja nikalisimamisha. Kwa mkono mmoja, kitu ambacho kikiwa na maji watu wawili hawakisogezi. Hakuona. Alikuwa ameinamisha kichwa anautazama mkono wake.

"Mwili umeniacha," akasema. "Jana nilidhani nimepata nguvu. Kumbe ulikuwa unaniaga."

Nikafungua mdomo. Huu mdomo mnaousema, unaojibu mwenye nyumba na madalali wa zabibu, ukakimbilia jikoni. Nikasema, "Nikuletee chai?"

Mchana akampigia kaka yake Kondoa. Nilikuwa jikoni nasikia. "Kaka, utamuozesha wewe Joha. Mimi nimeanza kuanguka." Alipokata simu aliuingiza mkono chini ya paja akaukalia, ndani ya nyumba yake, hakuna mgeni hata mmoja. Miezi yote ile ya mazoezi alikuwa ameacha kufanya vile.

Alhamisi Brightness akaja. Akamkagua bega, akamtembeza, akamsimamisha kwa mguu mmoja, anaandika. Akasema kama ameanza kupoteza mizani ghafla hivi, ni lazima arudi kwa daktari, huenda dozi ikaongezwa, na ngumi zisimame. Akanifuata uani. "Mama, ulikuwepo? Alianguka vipi?"

"Sijui mwanangu. Nilikuwa huku nje."

Nilimdanganya mtoto wa watu aliyekuja kunitibia mume. Usiku ule sikula, na mimi si mtu wa kuacha kula.

Ijumaa Abbasi alirudi kutoka msikitini akakaa. Joha alikuwa ameshapigiwa simu na baba yake mkubwa, akanipigia mimi analia, anauliza baba ana nini. Abbasi akaniambia bila kunitazama, "Tafuta vijana wawili walitoe hilo begi. Mwambieni Nikodemo akipata mteja aliuze. Sitaki wageni walikute."

"Vijana wawili wa nini?" nikasema.

"Ni zito, mama Joha."

Hapo ndipo nilipochoka na mimi mwenyewe. Nilienda nikalishika lile begi kiunoni, nikalinyanyua kitako juu, nikatembea nalo kutoka mlangoni mpaka katikati ya sebule, nikaliweka mbele ya miguu yake. Sikuhema hata kidogo.

"Unaona?" nikamwambia. "Halina kitu. Maji nimeyatoa mimi."

Alilitazama begi, akanitazama. "Lini?"

"Jumatatu ndoo mbili. Jumanne tatu."

"Uliyafanyia nini?"

"Nilioshea zabibu."

Nikaona anahesabu siku. "Kwa hiyo Jumanne, nilipolitikisa..."

"Ndoo mbili zilikuwa zimeshatoka. Nisamehe baba Joha. Niliona umefurahi nikashindwa kusema. Ulivyoanguka nikashindwa zaidi."

"Mwanaidi!"

Ndugu zangu, huyu mtu ameniita mama Joha kwa miaka ishirini na saba. Jina langu lilitoka na sauti ile ya zamani, ya uani mpaka barabarani. Alisimama wima. Alinigombeza kwa muda mrefu, kuhusu uongo, kuhusu maji, kuhusu Brightness na dozi ambayo ingeongezwa bure, kuhusu simu aliyompigia mtoto akajisifu kwa nguvu ambazo hana. Sikumjibu hata moja. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini sikio langu moja lilikuwa linaisikiliza ile sauti, na nilitamani asiache.

Alipomaliza akakaa. Mkono ukaanza, akauacha pajani. Akasema polepole, "Basi sikuanguka."

"Hukuanguka. Nilikuangusha mimi."

Akatikisa kichwa. Halafu mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Zabibu," akasema. "Nilipigana na begi ambalo maji yake yameoshea zabibu." Kisha akachukua simu akamwambia kaka yake aje kama mgeni na shahidi, kazi nyingine hana. Mimi nikampigia Brightness nikamweleza ukweli. Nilijua nitasemwa, na nilisemwa, kwa adabu, mtoto yule, mpaka nikaona afadhali angetukana.

Maji hatukurudisha. Abbasi alisema anataka kitu ambacho mke wake hawezi kukitamani. Tukamtuma mtu wa guta la mizigo atuletee mchanga wa korongo, tukaukausha juani, tukakata chupa ya maji ikawa faneli ya kumiminia kwenye lile tundu. Mchanga una kiburi, unaganda shingoni mwa chupa, lazima uutikise. Mimi nilitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Abbasi akaninyang'anya, akaishika chupa kwa mkono wa kulia, akaulegeza mkono juu ya tundu kama mtu asiye na kazi, ukaanza kutetemeka wenyewe, na mchanga ukashuka bila kusita. "Pisha wenye kazi yao," akaniambia. Tulimaliza Jumapili jioni. Jumatatu akarudi kupiga, bega bado lina chubuko, kiti nyuma yake, na mimi nimesimama pale pale, siendi uani.

Siku ya ndoa ikafika. Makochi tulitoa nje, sebule yote makapeti, ila begi halikutoka. Kwa mchanga ule vijana wanne walijaribu wakaliacha. Nikalivika khanga mpya, likasimama katikati ya wazee wa Kondoa. Mzee mmoja akaliegemea, akauliza ni kitu gani. Abbasi akasema, "Ni mwalimu wangu." Mzee akaendelea kuliegemea.

Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa kwenye korido, pazia nimelisogeza kidogo. Sheikh akatoa hotuba ndefu. Abbasi amekaa, kanzu nyeupe, kaka yake pembeni, na mkono wa kulia upo juu ya paja, wazi, unatetemeka. Niliwaona wazee wakiutazama. Nilimwona shemeji akiutazama, halafu akatazama chini. Moyo wangu ulikuwa unaniambia, ukalie baba Joha, ukalie tu leo. Hakuukalia.

Sheikh akasema washikane mikono. Abdulrahim akanyoosha wake, Abbasi akaukamata. Ukatulia. Vidole vikafunga, na nikamwona yule kijana akikunja uso, maana mshiko ule ulikuwa na miezi minne ya glovu ndani yake.

"Nimekuozesha!" Mkono ukaenda mbele ukarudi, na bega la Abdulrahim likaenda nao.

"Binti yangu!" Tena.

"Joha!" Mara mbili.

Chumba kizima kikasikia, korido ikasikia, na wapishi uani wakaacha masufuria. Sauti yake haikukata hata kwenye mahari. Abdulrahim akajibu, "Nimekubali kumuoa Joha binti Abbasi kwa mahari tuliyokubaliana," akiwa ametikiswa mpaka kofia imekaa upande. Mwajabu nyuma yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio. Mimi nililia waziwazi, na anayetaka kusema aseme.

Wakaachana mikono, wa Abbasi ukarudi pajani ukaanza tena kutetemeka. Akaniita, "Mama Joha, lete zabibu." Nikapitisha sinia mlangoni nikidhani atampa kijana mmoja azitembeze. Akasimama mwenyewe, akaomba asaidiwe upande wa kushoto tu, akachukua kishada kwa mkono wa kulia, kaulegeza, akampelekea yule mzee aliyeegemea begi. Zabibu zilikuwa zinachezacheza kwenye kikonyo. Mzee akauangalia mkono, hakujua apokee au asubiri.

"Ni ugonjwa, mzee wangu," Abbasi akasema, kwa sauti ya kila mtu. "Unaitwa Pakinsoni. Nina miaka mitatu nao. Mvinyo sijawahi kuuonja."

Shemeji yangu alifunika uso kwa viganja. Mzee akapokea kile kishada kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akauliza, "Zimeoshwa?"

Abbasi akageuza kichwa akalitazama pazia, pale pale niliposimama.

"Zimeoshwa sana," akasema. "Kula bila wasiwasi."